Kikaratasi cha Royce

Siku tatu kabla ya Sikukuu ya Shukrani, Harlan Tidmore alimuuliza mkewe, Lavonne, kwa mara ya nne kama kaka yake Royce ameshaleta kikaratasi. Lavonne ndiyo kwanza alikuwa anaingia ndani. Sare ya posta ilikuwa bado mwilini, goti la kulia limevimba, na vidole vimekauka kwa kushika karatasi za watu tangu asubuhi. Alijibu kwamba hajaleta. Harlan akasema sawa, akageukia televisheni, na akasema, kama anayeiambia televisheni yenyewe, kwamba kopo halijawahi kufungwa bila karatasi ya Royce hata mwaka mmoja.

Lavonne akaenda jikoni, akafunga barafu kwenye taulo na kuiweka gotini. Hakuwa na nguvu ya kumwambia mumewe kwamba simu ipo pale pale mezani, na kwamba namba ya Royce haijabadilika.

Kopo lilikuwa la kahawa, la bati, limekwaruzika mpaka maandishi yake hayasomeki. Kila mwaka, Alhamisi ya sikukuu, watu wakishashiba bata mzinga, kila mmoja aliandika anavyodhani mechi ya Jumamosi itakwisha, mpira wa Kimarekani kati ya timu za vyuo vikuu viwili vya jimbo la Alabama, Alabama ngapi na Auburn ngapi, akakunja karatasi yake na kuitumbukiza humo. Jumamosi mechi ikiisha kopo lilifunguliwa. Aliyekaribia zaidi hakuosha hata kijiko nyumbani kwa Tidmore mpaka Mwaka Mpya, na upande ulioshindwa ulikwenda kanisani Jumapili umevaa fulana za washindi. Mchungaji mwenyewe alikuwa mtu wa Auburn, ingawa mimbarini alijitahidi asijulikane.

Mambo hayo waliyaanzisha Harlan na Royce wenyewe, zaidi ya miaka thelathini nyuma, walipokuwa zamu moja kwenye machimbo ya marumaru. Royce ndiye aliyemleta Harlan nyumbani kwao mara ya kwanza, jioni ambayo Auburn walikuwa wameshinda, kwa nia moja tu ya kumcheka mbele ya watu. Lavonne aliwakaangia mayai. Mwaka uliofuata akaolewa. Katika watu wote hao hakuna aliyesoma Auburn, wala Alabama, wala aliyewahi kukaa darasani katika chuo chochote. Lakini katika mji wa Sylacauga mtu hujulikana kwanza ni wa upande gani, mambo ya kazi na kanisa yatafuata, na anayesema hana upande huangaliwa kama anayeficha ugonjwa.

Nyumba zao zilikuwa zimechanganyika kama nyingine nyingi mjini. Harlan alikuwa Alabama mpaka kwenye soksi, na mama yake mzazi, bi Eula, alikuwa Auburn. Royce alikuwa Auburn, na mkewe Nadine alikuwa Alabama, tena Alabama wa kelele. Lavonne alizaliwa Auburn akaolewa Alabama, na tangu hapo hakuvaa rangi yoyote. Labda ndiyo sababu pande zote mbili zilimwamini. Tena alikuwa na sifa moja: kwa miaka tisa mfululizo hakukosea mshindi. Watu walidhani anasoma magazeti. Hakuwa anasoma chochote. Alikuwa anapita milango mia tano kwa siku na kusikiliza, na upande uliokuwa unaongea sana wiki ya mechi ndio ulioshindwa. Basi, hakukuwa na siri zaidi ya hiyo. Mwaka huu hakusikia kitu, kwa sababu hakuwa amesikiliza. Vifurushi vya sikukuu vilikuwa vingi mno, na akili yake ilikuwa imejaa wanaume wawili wa nyumbani kwao.

Nadine alifariki Septemba ya mwaka uliopita. Alianguka dukani akiwa anachagua nyanya, na kufika hospitali roho ilikuwa imeshatoka. Miezi miwili baadaye ikaja mechi. Royce alikuja kama kawaida, akaandika, akakaa kwenye kiti chake. Alabama wakashinda. Lavonne alikuwa jikoni anatoa pai ya viazi vitamu kwenye jiko, akasikia watu wanacheka sebuleni, kisha akasikia mlango wa mbele. Alipotoka, Royce alikuwa ameshaondoka na kofia yake imebaki kwenye kiti. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumba ya shemeji yake.

Harlan alikuwa na maelezo yake. Royce amekasirika kwa kushindwa, alisema, na mtu mzima anayenuna kwa ajili ya mpira aachwe anune mpaka achoke. Aliyasema hayo mwezi wa kwanza kwa kicheko, mwezi wa tano kwa hasira, na ilipofika Oktoba akawa hayasemi tena. Royce naye ukimuuliza alikuwa na shughuli. Siku zote alikuwa na shughuli, mtu aliyestaafu, anayeishi peke yake na hana hata kuku.

Basi kwa mwaka mzima Lavonne aligawa barua mchana, na jioni akagawa maneno. Royce anauliza kama Harlan ameshatengeneza lile trekta la kukatia majani. Harlan anataka kujua kama Royce amekwenda kwa daktari wa moyo. Mmoja ana msumeno wa mwenzake, mwenzake ana ngazi, na vyombo hivyo vilihama nyumba moja kwenda nyingine nyuma ya gari lake, kama mali ya watu waliopewa talaka. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Kuna jioni alizima gari nje ya nyumba yake mwenyewe akakaa humo dakika kumi, si kwa kuwaza chochote, ila kwa sababu ndani ya gari hakuna aliyemtuma kwa mtu.

Jumatano alimpigia Royce simu. Alimwambia bata mzinga ni mkubwa, binti yao Krista na mumewe wanakuja kutoka Birmingham, na bi Eula amemuulizia. Royce akashukuru. Akasema atakula kanisani, kule wanakowapikia watu wasio na familia karibu, ameahidi kusaidia kubeba viti. Lavonne akauliza, na kikaratasi je?

"Waambie wafunge tu kopo, mdogo wangu," Royce akasema.

Maneno hayo hakuyafikisha. Harlan alipouliza, alimwambia Royce anafikiria.

Alhamisi walikula. Palikuwa na bata mzinga, sukuma iliyopikwa na nyama ya nguruwe, mkate wa mahindi, na mayai ya kuchemsha yaliyojazwa kiini chenye haradali, ambayo kila mwaka Nadine ndiye aliyeyaleta na sasa Krista alijaribu kuyatengeneza na yakawa na chumvi nyingi. Waliyala hivyo hivyo. Baadaye Harlan akaleta kopo na penseli. Bi Eula, mwenye miaka themanini na nne, akaandika Auburn kumi na saba, Alabama kumi na sita, kama alivyoandika kila mwaka, kwa sababu mechi iliwahi kweli kwisha hivyo, alipokuwa bado mama kijana wa kucheza dansi, na hakuona sababu ya kubadilisha kitu kilichowahi kutokea. Krista akaandika, mumewe akaandika. Lavonne akaandika namba ya kwanza iliyomjia, na kabla karatasi haijafika ndani ya kopo alikuwa ameshaisahau.

Harlan alishika kifuniko mkononi. Alikaa nacho muda mrefu, akikizungusha. Krista akamwambia baba yake kwamba anaweza kumpigia anko simu, amtajie namba tu, yeye ataandika kwa niaba yake. Harlan akasema Royce anajua simu ilipo. Akafunika kopo, akalipandisha juu ya friji.

Jumamosi posta ilikuwa kazini. Msimamizi alimpokea Lavonne mlangoni na sura ya kuomba radhi, akamwambia Dwight, mgawa barua mwenzake, ameumwa. Dwight aliugua Jumamosi hiyo hiyo kila mwaka, ugonjwa ulioanza alfajiri na kupona mechi ikiisha. Njia yake ikagawanywa vipande vitatu. Kipande cha Lavonne kiliingia mtaa wa Royce.

Alimaliza njia yake saa tisa alasiri, na mechi ilikuwa imeshaanza nusu saa nyuma. Mji ulikuwa kama umehamwa. Hakukuwa na gari barabarani, wala mtoto kwenye baiskeli, hata mbwa walikuwa wameitwa ndani. Lavonne alitembea katikati ya mtaa na mfuko wake begani, na nyumba zikamsimulia mechi bila yeye kuuliza. Nyumba yenye bendera nyekundu ya Alabama ilinyamaza, nyumba yenye rangi ya machungwa na buluu ya Auburn ikapiga kelele, na akajua. Kisha ikawa kinyume, akajua tena. Kwenye nyumba moja mwanamke alitoka kibarazani peke yake, akasimama mikono kichwani, akarudi ndani bila kumwona. Alama zilikuwa zinafukuzana. Alitamani mmoja tu wao angeshinda kwa alama nyingi mapema, ili watu wapoe na yeye afike nyumbani apate kuoga.

Jua lilikuwa limeshashuka alipofika kwa Royce, na robo ya tatu ilikuwa inaendelea. Royce alikuwa nje. Alikuwa anakusanya majani makavu kwa reki, amevaa koti la kazini la zamani, na nyumba nyuma yake ilikuwa na giza. Hakuna televisheni iliyowaka, hakuna redio.

"Leo umekuwa wa mtaa wangu?" akauliza.

"Dwight anaumwa."

"Mwaka huu ni nini?"

"Tumbo."

"Mwaka jana lilikuwa jino," Royce akasema, akaegemeza reki kwenye mti.

Lavonne akampa barua zake. Palikuwa na bili ya umeme, tangazo la matairi, na kitabu cha mbegu za maua kilichoandikwa jina la Nadine. Kwa muda alifikiri kukiacha kile kitabu ndani ya mfuko, lakini kazi yake haikumruhusu kuchagua barua zipi zifike. Royce alikitazama, akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Wanamwandikia yeye kuliko wanavyoniandikia mimi," akasema. Kisha akatazama goti lake. "Kaa. Unachechemea."

"Nina dakika tano."

"Kaa hizo tano."

Akakaa kwenye ngazi ya kibaraza. Saruji ilikuwa baridi. Royce akakaa ngazi ya juu yake, na kwa kitambo walitazama chungu ya majani kama watu wanaosubiri basi. Lavonne alikuwa amepanga kwa mwaka mzima namna ya kumuuliza, amepanga kwa upole na kwa kuzunguka, na sasa alipofika hapo akaona hana hata nguvu ya kuzunguka.

"Royce, niambie tu. Harlan alikufanya nini?"

"Hakunifanya kitu."

"Mwaka mzima nabeba misumeno yenu."

Royce alicheka kidogo, kicheko cha puani. Halafu akaanza kueleza, taratibu, macho yake kwenye barabara. Alimkumbusha kwamba Alabama wakishinda, Harlan alikuwa na neno lake moja. Alilisema kila mara, miaka yote, kwa maneno yale yale. Alisimama katikati ya sebule, akanyanyua glasi, akasema nyumba yako ina mtu mmoja tu mwenye akili, shemeji, na mtu huyo si wewe. Na Nadine, ambaye kila mwaka alilisubiri neno hilo kama watoto wanavyosubiri zawadi, alivua kitambaa chake chekundu cha kichwa akakipunga juu ya uso wa mumewe mpaka Royce akisukume.

"Mwaka jana akalisema," Royce akasema. "Lilimtoka tu. Niliona alipolimaliza, hakujua hata amesema nini. Na watu wakacheka, kwa mazoea. Na mimi nikacheka."

Aliokota jani kavu miguuni pake.

"Nikacheka, Lavonne. Nikageuza uso nimtazame anipungie kile kitambaa. Kwenye kiti chake alikuwa amekaa bi Eula."

Lavonne aliweka mkono wake juu ya kiatu cha kaka yake, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Sikumkasirikia," Royce akaendelea. "Wewe mwambie hivyo, au usimwambie. Nilitoka kwa sababu sikujua niufanye nini uso wangu. Halafu siku zikaenda. Na kila nikifikiri kurudi naogopa vitu viwili. Naogopa atalisema tena lile neno. Na naogopa hatalisema."

"Na karatasi?"

"Nilijaribu. Jumanne nilikaa na penseli. Nikaandika Auburn ishirini na nane." Akatikisa kichwa. "Unajua, sikuwahi kujua lolote kuhusu huu mpira. Watu wa machimboni walijua. Mimi nilikuwa naandika namba za kumuudhi Nadine. Nilikuwa nazitafuta wiki nzima, namba ambayo akiisoma ataacha kusema na mimi mpaka Jumatatu. Sasa niandike ya kumuudhi nani?"

Kelele zikalipuka kutoka nyumba ya jirani, upande wa pili wa uzio. Lavonne aliinua kichwa. Jirani yule alikuwa Auburn na mkewe alikuwa Alabama, na sauti zilikuwa zimechanganyika, kwa hiyo hakuweza kujua nani amefunga. Alitaka kumwambia Royce mechi ilivyokuwa alipoiacha mtaa wa nyuma, lakini Royce aliinua kiganja, si kwa ukali, na yeye akanyamaza.

Dakika tano zilikuwa zimeshapita mara mbili. Alikuwa na nyumba arobaini mbele yake na mwanga wa kuzimaliza haukuwepo. Alitamani kuwa na neno la kumwachia, kama wachungaji na watu wa redioni wanavyokuwa nalo. Hakuwa nalo. Alimwambia mahindi ya kwenye mkate wa Alhamisi yalikuwa mazuri na kwamba atamletea kipande, na Royce akasema vizuri. Akamshika kiwiko akamsaidia kusimama. Lavonne akavaa taa ya kichwani wanayopewa kazini, akaenda zake nyumba ya jirani, na nyuma yake akasikia reki ikianza tena.

Alifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Auburn walikuwa wameshinda, ishirini na nne kwa ishirini, na hilo hakuhitaji kuambiwa, kwa sababu bi Eula alikuwa amekaa katikati ya sebule na sweta lake la rangi ya machungwa, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na uso wake umekuwa wa msichana. Krista na mumewe walikuwa wameondoka kabla ya barabara kujaa. Harlan alikuwa jikoni, mezani, kopo mbele yake, simu pembeni ya kopo.

"Hajapiga," akasema, kabla hajamsalimu.

"Nani?"

"Kaka yako. Wameshinda, na hajapiga hata kunicheka. Nimekaa hapa tangu mechi iishe." Aligusa simu kwa kidole, akaisogeza mbali kidogo. "Hata mwaka ambao hakuangalia hapa, mechi haijaisha vizuri simu inalia. Mwaka wa mvua kubwa alikuja kwa miguu kunicheka. Mtu akikuchukia mpaka hataki kukucheka, basi tena."

Lavonne akavuta kiti, akakaa, akaanza kufungua kamba za kiatu. Vidole havikumtii. Akaacha.

"Nimepita kwake," akasema. "Dwight anaumwa."

Akamweleza. Alimweleza yote kwa mpangilio aliopewa, bila kupunguza na bila kutia sukari, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mtu kwamba kifurushi chake kimepasuka. Neno la kila mwaka, kitambaa chekundu, kiti cha Nadine. Harlan alimsikiliza akiwa ameinama. Alipofika kwenye kicheko, Lavonne aliona masikio ya mumewe yamekuwa mekundu.

"Nilikuwa nalisema kila mwaka," akasema hatimaye.

"Ndiyo."

"Sikuwaza. Lilitoka lenyewe. Naapa sikuwaza hata kidogo."

"Anajua. Amesema hivyo mwenyewe."

"Na wewe mbona hukuniambia? Mwaka mzima umeniacha namwita mtoto."

"Sikulisikia, Harlan. Nilikuwa jikoni. Kila mwaka niko jikoni."

Harlan alijipangusa mdomo kwa kiganja mara kadhaa. Sebuleni bi Eula aliongeza sauti ya televisheni, na mtangazaji akaanza kueleza tena namna Alabama walivyopoteza mpira dakika nne kabla ya mwisho.

"Basi Jumatatu ukipita kule," Harlan akasema, "umwambie kwamba..."

"Sipiti. Jumatatu Dwight atakuwa amepona."

"Basi mpigie. Umwambie tu kwamba mimi..."

"Harlan." Hakupaza sauti. Hakuwa nayo ya kupaza. "Barua zangu za leo nimemaliza. Hiyo yako ipeleke mwenyewe."

Walitazamana. Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu, na Harlan alijua mkewe anaponung'unika na anapokataa. Alikaa bado kidogo, mikono mezani, kama mtu anayetumaini ataambiwa abaki. Kisha akasimama, akachukua koti na funguo. Mlangoni akauliza kama abebe chakula. Lavonne akamwambia mkate wa mahindi uko kwenye karatasi ya alumini, juu ya jiko. Akauchukua.

"Harlan anakwenda wapi?" bi Eula akauliza.

"Kwa Royce, mama."

"Kuchekwa?"

"Nadhani."

"Ni haki," bi Eula akasema. "Na wewe njoo unifungulie hilo kopo, mwanangu. Siwezi kusubiri wanaume."

Lavonne akalifungua. Alisoma karatasi moja moja, akisimama, kwa sababu alijua akikaa hatasimama tena. Harlan alikuwa ameipa Alabama ushindi mnono. Krista na mumewe nao Alabama. Ya kwake mwenyewe, alivyoiona, ilisema Alabama thelathini na tano, Auburn tatu, na alishangaa kama anayesoma mwandiko wa mtu mwingine. Miaka yake tisa ilikuwa imeishia hapo, na hakujali. Aliyebaki ni bi Eula na kumi na saba kwa kumi na sita yake, na hakuna aliyemkaribia. Mkwewe alimwomba asome tena. Alisoma tena. Bi Eula akasema alijua tu, ni suala la kuwa na subira, na akatangaza kwamba haoshi kijiko mpaka Mwaka Mpya, yeye ambaye hakuwa ameosha kijiko katika nyumba ile tangu alipovunjika nyonga.

Lavonne akarudi jikoni. Alivua kiatu kimoja, akaweka kichwa juu ya mkono, mezani, ili apumzike kabla ya kuvua cha pili, na usingizi ukamchukua hapo hapo.

Alizinduliwa na mlango. Harlan alikuwa amerudi, na saa ya ukutani ilionyesha hajachukua hata saa moja. Alikaa kitako bila kuvua koti. Lavonne akamsubiri aseme, na yeye akayatoa kidogo kidogo. Royce alifungua mlango alipobisha mara ya kwanza tu. Harlan alikuwa amepanga la kusema ndani ya gari, na lote likampotea, akajikuta anasema samahani kuhusu Nadine, hivyo tu, kama vile yeye ndiye aliyemuua. Royce akamwambia aingie, baridi inaingia ndani. Walikaa jikoni. Akamtengenezea kahawa. Kikombe cha Nadine kilikuwa bado kimening'inia kwenye msumari wake.

"Hakuwa anajua matokeo," Harlan akasema. "Fikiria. Ilibidi nimwambie mimi. Nikamwambia mmeshinda. Akasema, hongera yao." Alikaa akitazama mikono yake. "Nikamsimulia zile dakika nne. Namna tulivyoushika mpira tukauachia, kama mtoto. Nilimpa kila kitu, Lavonne. Nilijimaliza mwenyewe pale, nikamwambia sijaona timu ya kijinga kama yetu. Akawa anatikisa kichwa tu, anasema eh, ndivyo mpira ulivyo."

"Ndiyo."

"Hakunitania hata kidogo," akasema. "Hata kidogo."

Lavonne alimuuliza kama waliagana vizuri. Harlan akasema ndiyo, walishikana mikono, Royce akamshukuru kwa mkate. Akasema Krismasi atakuja, atakuja kula. Mechi ya mwakani waendelee nayo, na kopo waendelee nalo, ila yeye wasimngoje.

"Nimwambie nini?" Harlan akauliza. "Kuna kitu nilitakiwa niseme sikukisema?"

"Sidhani."

"Labda mwakani atakuwa amebadilika."

"Labda," Lavonne akasema. Hakuona hivyo, lakini hakuwa na uhakika, na alikuwa amechoka kuwa na uhakika kwa niaba ya watu. "Jumanne nenda tena. Usimsubiri akuite."

Harlan akasema atakwenda. Sebuleni mama yake alimwita, mechi inarudiwa tangu mwanzo, aje amkalie karibu. Alisita. Kisha akavua koti, akalitundika, akaenda akakaa kwenye kochi pembeni ya bi Eula, na Lavonne akawaona kutoka jikoni, mama na mwanawe, wameanza kuitazama tena mechi nzima ambayo Harlan alikuwa anajua ameshindwa.

Akavua kiatu cha pili. Haikuwa imefika hata saa mbili usiku. Alizima taa ya jikoni, akapanda kulala.